Gesi ya friji si ya kuachia tu hewani

Jana kijana wangu wa karakana alikata mrija wa friji akaiacha gesi itoke yote, fyuuu, mpaka ikaisha. Nilipomgombeza akanijibu, "Lakini fundi, hii ni 134a, mtungi umeandikwa rafiki wa ozoni!" Jibu hilo nimelisikia kwa mafundi, kwa wateja, hata kwa mwalimu wa sayansi. Nimechoka nalo.

Ozoni, lile tabaka la juu angani linalotukinga na mionzi mikali ya jua, ni jambo moja; joto la dunia ni jambo lingine. R-12 ya zamani ilikuwa na klorini, na klorini ndiyo inayokula ozoni huko juu. Ndiyo maana Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuiondoa. 134a haina klorini, kwa hiyo haidhuru ozoni. Lakini ni gesijoto, yaani gesi inayozuia joto la dunia lisitoke, tena kali. Hewa ukaa ya magari nayo haitoboi ozoni, mbona hakuna anayeiita salama?

Chukua friji ya nyumbani yenye gramu 120. Kila gramu ya 134a huhesabiwa sawa na gramu 1,430 za hewa ukaa kwa miaka 100. Zidisha: kilo 171. Huo ni moshi wa lita 70 na ushee za petroli, na kijana kautoa kabla chai haijapoa.

Hiyo 1,430 nayo haijatulia. Ni ya ripoti ya 2007 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi. Ya 2013 ikashusha hadi 1,300, ya 2021 ikapandisha hadi 1,530 hivi. Na kipimo cha miaka 100 kinaificha makali, maana 134a hukaa hewani miaka 14 hivi. Ukihesabu miaka 20 ya kwanza peke yake, inapita 3,700.

Friji nyingi mpya zina R-600a, ndugu wa gesi ya kupikia. Mchango wake kwa joto la dunia ni mdogo sana, ila inawaka: usiwashe moto wa kuchomelea kabla hujaitoa. Marekebisho ya Kigali ya 2016, ya mkataba uleule wa Montreal, yanapunguza 134a na wenzake hatua kwa hatua, lakini friji za zamani zitaendelea kuja mlangoni kwangu.

Kinachoninyima usingizi ni mtungi wangu wa kunyonyea gesi kutoka kwenye friji. Umejaa gesi za wateja waliochanganyiwa R-22, gesi nyingine ya zamani, na 134a huko walikopita. Haifai kujazwa popote, kuiteketeza kunataka tanuru maalumu, na sina pa kuipeleka. Nimeuweka kivulini, valvu nimeikaza, na kila asubuhi naupitishia povu la sabuni kuona kama unavuja.