Mwana Mwema, Mwana Fatuma na Waliowafuata: Tuwasome kama Wanasiasa

Pale Forodhani, mjini Zanzibar, Sultani Barghash alipojenga Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) mwaka 1883, mapokeo ya mji yanasema ndipo ilipokuwa nyumba ya Mwana Fatuma, mtawala wa Unguja mwishoni mwa karne ya 17. Mgeni anayepita hapo atasimuliwa habari za Barghash, za umeme na za milango mikubwa, na siku hizi atasimuliwa pia namna sehemu ya jengo ilivyoporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Fatuma hatajwi. Akitajwa, hupewa sentensi moja tu: malkia aliyewasaidia Wareno.

Sentensi hiyo si ya uongo. Tatizo lake ni kwamba inatangulia kumhukumu kabla ya kumwuliza chochote.

Katika kazi yetu ya elimu kwa umma, swali tunaloulizwa sana na wanafunzi wa skuli ni kama Zanzibar iliwahi kutawaliwa na mwanamke. Jawabu ni ndiyo, tena si mara moja, na si Unguja peke yake, maana Tumbatu nayo inamkumbuka Mwana wa Mwana. Swali la pili huwa liko njiani: alikuwa mwema au mbaya? Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mfalme mwanamume hatumwulizi hivyo. Tunauliza alitaka nini, alikuwa na nguvu kiasi gani, jirani yake alikuwa nani na adui yake alitokea wapi. Wanawake waliokalia kiti wanastahili maswali hayohayo, na wakiulizwa, majibu yao yanasisimua zaidi kuliko sifa au lawama.

Tuanze na hali ya kisiwa. Mwaka 1503 nahodha Mreno, Ruy Lourenço Ravasco, aliivamia Unguja na kuwatoza watu wake kodi ya mithkali 100 za dhahabu kwa mwaka. Tangu hapo kisiwa kilikuwa chini ya kivuli cha Wareno, lakini kivuli chepesi: kanisa dogo na nyumba ya biashara kando ya bahari, hapa ilipo Ngome Kongwe, pamoja na Wareno wachache waliokuwa wakilima na kuuza. Nguvu zao hasa zilikuwa Mombasa, kwenye Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Unguja haikuwa na ngome wala jeshi la maana. Ilikuwa na chakula, na anayelisha ngome ya mwenzake si mtu wa kudharauliwa. Mali ya mtawala wa Unguja katika siasa za pwani ilikuwa hiyo.

Mwaka 1650 Waomani wakawafukuza Wareno Maskati. Habari ya namna hiyo haikai bandarini siku mbili bila kufika kila mahali. Mji uliodhaniwa hautikisiki umetikisika, na waliouangusha ni watu wa dini moja na Waswahili, wenye majahazi yanayoijua njia ya Afrika Mashariki. Aliyekuwa akitawala Unguja wakati huo ni Mwana Mwema. Akaelemea upande wa Waomani. Mwaka 1652 meli zao zilikuja, zikaishambulia Unguja na kuwaua Wareno waliokuwepo, akiwemo padri.

Ukiutazama kwa macho ya siasa, uamuzi huo ulikuwa na hesabu yake. Kuna kodi ya miaka 150, kuna mshirika mpya mwenye nguvu, na kuna adui aliyekwisha kuonekana anashindika. Kasoro yake ilikuwa katika upepo. Waomani walikuja na kaskazi na kuondoka na kusi, hawakuacha jeshi. Wareno wa Mombasa walikuwepo mwaka mzima, umbali wa safari fupi tu. Kamanda wao, Francisco de Seixas Cabreira, alikuja kulipiza kisasi, na Mwana Mwema akaondolewa kwenye kiti chake. Mshirika aliye mbali hakuweza kumlinda.

Sasa ndipo anapoingia Fatuma, binti wa Yusuf aliyetawala baada ya Mwana Mwema. Mumewe, Abdallah, alikuwa mfalme wa Utondwe, mji wa pwani ya bara, upande wa Saadani. Ndoa hiyo yenyewe ilikuwa siasa: iliunganisha pande mbili za mkondo wa Zanzibar.

Machi 1696 Waomani waliizingira Ngome ya Yesu. Fatuma akapeleka majahazi ya chakula kuwasaidia waliozingirwa. Waomani wakayakamata na kuyachoma, kisha wakaigeukia Unguja, na Fatuma akakimbia na watu wake kuvuka kisiwa. Mzingiro ulidumu karibu miaka mitatu. Ngome ilipoanguka Disemba 1698, Waomani walimchukua hadi Maskati, akakaa huko takriban miaka kumi. Alirudi karibu mwaka 1709, na baada yake akatawala mwanawe, Hassan.

Wenye kumwita msaliti wanasahau kilichomtangulia. Fatuma alikuwa na mfano mbele ya macho yake: mwanamke aliyekalia kiti hichohicho, chini ya nusu karne kabla yake, aliwategemea Waomani akakipoteza. Tena mwaka 1696 hapakuwa na mtu awezaye kusema kwa yakini kwamba ngome itaanguka. Meli za msaada kutoka Goa, makao ya Wareno huko India, zilifika zaidi ya mara moja, na walio ndani walishikilia muda ambao wengi hawakuutarajia. Alichagua upande uliokuwa ukionekana kuwa hapo kesho yake. Akakosea, kama alivyokosea Mwana Mwema aliyechagua upande wa pili. Mmoja alifukuzwa na Wareno, mwingine akachukuliwa na Waomani. Mimi katika mambo hayo mawili sioni msaliti wala shujaa. Naona watawala wawili wa kisiwa kidogo kilichobanwa na mataifa makubwa mawili, kila mmoja akijaribu kukinusuru kwa silaha pekee aliyokuwa nayo.

Jambo linalonishughulisha zaidi ni kurudi kwake. Waomani wangeweza kumwacha Maskati afie huko. Walikwisha kuweka ngome yao pale palipokuwa na kanisa la Wareno, hatua chache kutoka nyumba yake ya mapokeo. Pamoja na hayo walimrejesha. Hilo linanipa kuamini kwamba bunduki za ngomeni hazikutosha kuwafanya watu wa Unguja watii, na kwamba ukoo wake ulikuwa na heshima ambayo wageni hawakuweza kuitengeneza wenyewe. Katika karne ya 19, wakati Busaidi, ukoo wa masultani wa Kiomani, wametamalaki mjini, mtawala wa kienyeji, Mwinyi Mkuu, alikuwa bado na kasri lake Dunga, ngoma zake na siwa yake, yaani pembe ya enzi. Wa mwisho alifariki mwaka 1873.

Wasomaji wasimchanganye Fatuma wetu na Fatima wa Kilwa, aliyekuwa malkia miaka ileile. Barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa, ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yanayojulikana. Majina yanafanana, nyakati zinafanana, na nimekwisha kuona maandishi mengi yakiwafanya mtu mmoja.

Na Pemba? Pemba inamkumbuka sana mtawala wake wa kale, Mkama Ndume wa Pujini, na ukienda kwenye magofu utaoneshwa kisima chenye ukuta wa kukigawa, uliowekwa, wanasema, ili wake zake wawili wasikutane wakagombana. Hadithi tamu, nami nimeisimulia mara nyingi. Lakini angalia wanawake wamewekwa wapi ndani yake: kisimani, wakioneana wivu.

Chini ya Busaidi kiti rasmi hakikuwa cha mwanamke tena. Madaraka yake yalipita mlango wa nyuma, ila yalipita. Seyyid Said, sultani wa ukoo huo, alikuwa kijana wa miaka kama 13 baba yake alipouawa mwaka 1804, na aliyesimama nyuma yake huko Oman mpaka akakomaa ni shangazi yake, Sayyida Moza binti Ahmad. Sayyida Salme, binti wa Said, anasimulia katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 kwamba Moza alikuwa akivaa nguo za kiume usiku na kuwakagua walinzi wakati mji umezingirwa. Nyumba ya Mtoni, kasri la Said hapa Unguja, ilipata habari hizo kama urithi, na watoto wa kike walikua wakizisikia.

Salme mwenyewe alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma, si kuandika. Yeye alijifundisha kwa siri, akinakili aya za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Said alipofariki mwaka 1856, mwanawe Majid akashika utawala wa Zanzibar, na miaka mitatu baadaye ndugu yake, Barghash, akataka kumpindua. Dada zake Khole na Meje walikuwa katikati ya njama. Barghash hakuwa na karani wa kumwamini, lakini alikuwa na dada wa miaka 15 anayejua kuandika. Barua za siri kwa wakubwa zikaandikwa na Salme.

Njama ilishindwa. Barghash, nyumba yake ikiwa imezingirwa, alitolewa na dada zake akiwa amevaa nguo za kike, akafika shamba la Marseilles ambako wafuasi wake walikuwa wamejikusanya. Waingereza wakamsaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay miaka miwili. Huyu ndiye yule wa Beit al-Ajaib. Alirudi, akawa sultani mwaka 1870, akapewa barabara na sifa. Kushindwa kwa mapinduzi hakukumharibia jina. Salme alikimbia kwa meli mwaka 1866, akabatizwa Aden na kuolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mwaka 1885 aliporudi na meli za kivita za Wajerumani kudai urithi wake, kaka yake hakukubali hata kumwona. Ni kweli alikubali kutumiwa na Bismarck, na hilo halifai kufunikwa. Ila Barghash naye alishughulika na balozi za kigeni maisha yake yote, na hakuna anayemfupisha kwa hilo.

Karne ya 20 nitaipita haraka. Skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1927. Katika uchaguzi wa Julai 1957, wa viti 6, wanawake hawakupiga kura. Januari 1961 walipiga. Kati ya vyama vitatu, ASP (Afro-Shirazi Party) ilipata viti 10, ZNP (Zanzibar Nationalist Party) 9 na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) 3; jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja. Ndiyo, moja. Bila kiti hicho ASP isingeongoza, na bila kura za wanawake hesabu nzima ingekuwa nyingine. Vyama vyote viliona, na vyote vilikuwa na wanawake waliokwenda nyumba kwa nyumba kuandikisha wenzao. Majina yao machache sana yamo vitabuni.

Baada ya hapo tunaingia zama ambazo wengi wetu tunazikumbuka. Amina Salum Ali alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha wa Zanzibar, akawa balozi wa Umoja wa Afrika nchini Marekani, na mwaka 2015 akafika tatu bora ya CCM katika kumtafuta mgombea urais wa Muungano. Zakia Meghji, mzaliwa wa Zanzibar, aliishika Wizara ya Fedha ya Muungano kuanzia 2006. Samia Suluhu Hassan, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1960, aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000 kwa kiti maalumu, akagombea na kushinda ubunge wa Makunduchi mwaka 2010, akawa Makamu wa Rais mwaka 2015, na tarehe 19 Machi 2021 akaapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Kituo cha kuangalia katika safari hiyo ni mwaka 2010. Katiba ya Zanzibar inaweka viti maalumu vya wanawake sawa na asilimia 40 ya viti vya majimbo barazani. Viti hivyo vimewafungulia wengi mlango, lakini mwenye jimbo ana wapiga kura wake, na chama kinalazimika kumsikiliza kwa namna nyingine kabisa. Wanaopita kutoka kiti maalumu kwenda jimboni bado ni wachache. Na urais wa Zanzibar yenyewe, tangu 1964, umeshikwa na wanaume peke yao.

Upo upungufu mmoja ambao msomaji anaweza kutusaidia kuuziba. Msichana aliyekuwa na miaka 25 uchaguzi wa Januari 1961 sasa ana miaka kama 90. Kama yumo nyumbani kwenu, kaa naye na umrekodi kwa simu. Mwulize alipigia kura wapi, nani aliyemwandikisha, alikwenda na nani kituoni, mumewe alisemaje, na kama aliwahi kuhutubia au kupika kwenye mkutano wa chama. Usimkatishe anapotaja chama usichokipenda. Kadi za chama na picha za zamani zitoe kwenye mifuko ya plastiki, uziweke kwenye bahasha za karatasi mbali na unyevu, na nyuma ya kila picha andika kwa penseli jina na mwaka. Kalamu ya wino hupenya upande wa pili.