Falsafa ya ukombozi: kufunua au kufunika?

Shuleni Ujiji tuliandika daftarini kwamba Burton na Speke waligundua Ziwa Tanganyika mwaka 1858. Jioni nikashuka ufukweni, nikawakuta wavuvi wakijaza karabai mafuta. Zilikuwa siku za giza, na dagaa hufuata taa mwezi usipokuwepo. Babu zao walikuwa wakivua maji hayohayo Wazungu wale walipofika, Burton miguu imemgoma, Speke macho yanauma kiasi cha kutoliona ziwa sawasawa. Neno "waligundua" lilinikaa kooni.

Falsafa ya ukombozi inalishika neno hilohilo, kwa kuwa kugundua ni kufunua kilichofichika. Ilizaliwa Amerika ya Kusini, hasa Argentina, miaka ya 1970, na sauti yake kubwa ni mwanafalsafa Enrique Dussel, aliyekimbilia Mexico mwaka 1975 baada ya nyumba yake kupigwa bomu. Anasema Columbus mwaka 1492 hakuwafunua wenyeji wa asili wa Amerika. Aliwafunika. Waliitwa Wahindi, jina la nchi ya mbali, na walichokijua wao hakikuhesabiwa kuwa elimu. Mwanafalsafa Mfaransa Descartes alipoandika "nafikiri, kwa hiyo nipo" mwaka 1637, Ulaya ilikuwa imeshatamka kwa upanga, kwa zaidi ya karne nzima: "nateka, kwa hiyo nipo."

Na bendera haitoshi kuondoa kifuniko hicho. Argentina ilijitangazia uhuru mwaka 1816. Lakini kuanzia mwaka 1878 serikali hiyohiyo huru ilituma jeshi kuwanyang'anya wenyeji wa asili, Wamapuche na Watehuelche, nchi yao ya kusini, na vita vyenyewe vikaitwa kuliteka jangwa. Jangwa! Watu wamo, mifugo imo, makaburi ya wazee wao yamo.

Kwa hiyo falsafa hii huanza kufikiri pale aliposimama aliyesukumwa nje. Haimhurumii, inamsikiliza kama mtu mwenye hoja, anayeweza kumsahihisha aliyeko katikati. Hapo ndipo ninapoipendea, kwa sababu huruma peke yake humwacha mtu palepale alipo.

Ukiisimulia safari ya 1858 kwa namna hiyo, utaanza na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi India, akarudi, akawa mkalimani wa msafara. Utapita Tabora, wakati huo ikiitwa Kazeh, ambako wafanyabiashara waliwaeleza wageni habari za ziwa. Kisha utafika Ujiji, kwa wapiga makasia waliowavusha.