Chipukizi wa Detroit: kutoka ushindi 14 hadi 44

Alfajiri ya tarehe 29 Desemba 2023 nilikuwa macho, simu mkononi, sauti nimeizima nisije nikawaamsha watu wa nyumbani. Kule Boston ilikuwa bado usiku wa tarehe 28. Detroit Pistons wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, waliokuwa wameshafungwa mechi 27 mfululizo, walikwenda mapumziko wakiwaongoza Boston Celtics kwa pointi 19. Nikajisemea, leo ndiyo leo. Mechi ikaingia muda wa nyongeza, ikaisha 128 kwa 122, na Detroit wakawa wamefungwa ya 28. Hakuna timu ya NBA iliyowahi kupoteza mechi nyingi zaidi ya hizo kwa mfululizo ndani ya msimu mmoja. Siku mbili baadaye waliwafunga Toronto Raptors 129 kwa 127, wakasherehekea kana kwamba wamebeba kombe. Msimu ulipofika mwisho walikuwa wameshinda 14 na kufungwa 68.

Mimi nafundisha kikapu vijana wa miaka 14 hadi 19. Timu hiyo niliifuatilia msimu mzima kwa sababu moja: karibu kila mtu muhimu aliyekuwemo alikuwa mtoto. Cade Cunningham, aliyechaguliwa wa kwanza kwenye drafti ya 2021 (zoezi la kila mwaka la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu), alikuwa na miaka 22. Jaden Ivey 21. Jalen Duren na Ausar Thompson 20. Mashabiki wa kikapu duniani kote walikuwa wanabishana juu ya vijana hawa wanne, na ubishi huo nimeusikia kwa maneno yaleyale hapa kwetu, pembeni ya uwanja wa saruji, kuhusu watoto ninaowafundisha mimi.

Kambi ya kwanza ilisema vijana wenyewe ni wabovu, wauzwe. Kambi ya pili ilisema wapewe muda, wachezeshwe dakika nyingi, watakomaa. Kulikuwa na ya tatu, iliyosema heri tuendelee kufungwa ili mwakani tupate chaguo la kwanza. Hii ya tatu nitaimaliza haraka. Kwa bahati nasibu ya drafti iliyoanza kutumika 2019, timu tatu zilizofanya vibaya kuliko zote ziligawana nafasi sawa ya kupata chaguo la kwanza, asilimia 14 kila moja. Timu ya mwisho kabisa iliweza kuporomoka hadi chaguo la tano, na uwezekano wa hilo kutokea ulikaribia nusu. Detroit walishika mkia msimu wa 2022-23 wakaangukia la tano, na Victor Wembanyama, kijana aliyekuwa akisubiriwa kuliko wote, akaenda San Antonio. Wakashika mkia tena 2023-24, wakaangukia la tano tena. Anayetaka kujenga timu kwa bahati nasibu aitazame miaka hiyo miwili.

Kambi mbili za mwanzo ndizo zinazonigusa, kwa sababu zote mbili zilikuwa zinatazama mchezaji mmoja mmoja. Nitaeleza nilichokuwa nakiona kwenye skrini yangu usiku ule na usiku mwingine mwingi kabla yake.

Msimu ulipoanza, kikosi cha kwanza kilikuwa Killian Hayes, Cunningham, Thompson, Isaiah Stewart na Duren. Hesabu ni wangapi kati ya hao watano ambao mpinzani angeogopa kuwaachia nafasi nje ya mstari wa pointi tatu. Hayes hakuwa mtupaji. Thompson alimaliza msimu akifunga chini ya mitupo 19 kwa kila 100 aliyoijaribu kutoka mbali. Duren hatupi kabisa kutoka huko. Bojan Bogdanović, mtupaji wao wa kuaminika, alikuwa majeruhi hadi mwanzoni mwa Desemba. Kwa hiyo wapinzani waliwaachia hao wasiotupa, wakarudi wote kujazana chini ya kikapu.

Sasa jiweke kwenye viatu vya Cunningham. Silaha yake ni kutumia kinga ya Duren: Duren anasimama kumzuia mlinzi kwa mwili, Cunningham anapita begani mwake, kisha Duren anageuka na kukimbilia kikapuni. Hapo Cunningham ana macho mazuri mno. Anaweza kutupa mwenyewe, kumrushia Duren mpira juu, au kumtafuta mwenzake kwenye kona. Lakini njia ya Duren ilikuwa imeshajaa watu wawili, na aliyekuwa kwenye kona hakuwa mtu wa kutupa. Cunningham alikuwa anaingia kwenye chumba kilichojaa samani. Mpira ukipotea, takwimu zinaandika jina lake, na shabiki anasema kijana hana maamuzi.

Tarehe 26 Desemba, dhidi ya Brooklyn Nets, alifunga pointi 41, nyingi sana kati ya hizo kipindi cha pili, na bado walifungwa 118 kwa 112. Ndiyo ilikuwa ya 27. Uwanjani Detroit watu waliimba kumtaka mmiliki auze timu. Siwalaumu. Waliolipa tiketi wana haki ya kulia. Ninachosema ni kwamba kijana wa miaka 22 anayelazimika kufunga 41 ili timu ikaribie tu kushinda hajifunzi kuendesha timu. Anajifunza kujiokoa. Na tabia hiyo ikishamkaa ni ngumu kuitoa, nimeiona kwa macho yangu kwa watoto wadogo zaidi ya hapo.

Kwa Ivey lilikuwa jambo jingine. Alichaguliwa wa tano mwaka 2022, akaanza vizuri msimu wake wa kwanza, halafu chini ya kocha mpya Monty Williams akajikuta anaanzia benchi wakati Hayes yuko ndani. Mashabiki walikasirika, na hapa niko upande wao kabisa. Kijana anaweza kuanzia benchi na akakua, hilo halina shida. Shida ni pale ambapo hajui anatakiwa afanye nini ili atoke huko. Februari 2024 Hayes aliachwa. Juni, Williams naye akaondolewa, miaka 5 kati ya 6 ya mkataba wake ikiwa bado haijatumika.

Kilichofuata ndicho ninachowasomesha vijana wangu na wazazi wao. Trajan Langdon alikabidhiwa uongozi wa timu Mei 2024. Wengi walitegemea abomoe kila kitu. Hakubomoa. Alimpa Cunningham mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya dola milioni 224, na nakumbuka kelele za siku ile: pesa yote hiyo kwa mtu aliyeshinda mechi 14? Akamleta J.B. Bickerstaff awe kocha, mtu ambaye kule Cleveland aliwapokea vijana kama hawa na kuwafikisha ushindi 51. Kisha akasajili wakongwe: Tobias Harris, Malik Beasley, Tim Hardaway Jr., na katikati ya msimu akamwongeza Dennis Schröder. Hakuna nyota hapo. Lakini Beasley peke yake alifunga mitupo 319 ya pointi tatu msimu huo, rekodi ya klabu, na katika ligi nzima alizidiwa na Anthony Edwards tu, kwa mtupo mmoja.

Watu wakisikia wakongwe husema wanakuja kuwapa vijana nasaha kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. Labda. Mimi ninachokiona ni mita za uwanja. Beasley akisimama kwenye kona, mlinzi wake hawezi kurudi kumsaidia mwenzake hata hatua mbili. Hatua hizo mbili ndizo njia ya Duren. Harris akishika namba nne, nafasi ya mtu mrefu anayecheza kando ya Duren, Duren anabaki na eneo lake peke yake. Kijana ni yuleyule, kinga ni ileile, chumba kimetolewa samani. Cunningham alimaliza msimu wa 2024-25 akiwa na wastani wa pointi 26 na pasi 9 za kufungia kwa mechi, akaitwa kwenye mechi ya nyota, akachaguliwa kwenye kikosi cha tatu cha wachezaji bora wa ligi. Bado alikuwa akipoteza mpira zaidi ya mara 4 kwa mechi. Siku hizo hakuna aliyemwita hana maamuzi.

Timu ilishinda 44 na kufungwa 38. Kabla yao hakuna timu iliyowahi kuzidisha ushindi wake mara tatu kutoka msimu mmoja kamili hadi mwingine.

Kuna kazi nyingine haikuandikwa sana. Benchi la ufundi lilimleta Fred Vinson kutoka New Orleans, mwalimu wa utupaji ambaye kule alikuwa ameshawarekebisha wachezaji kadhaa. Ivey alitoka kwenye takriban mitupo 34 inayoingia kwa kila 100 hadi karibu 41. Watu wanaona namba. Mimi naona majira ya joto mazima ya kurudia kitu kimoja: miguu, kiwiko, mahali mpira unapoanzia safari yake. Kisha tarehe 1 Januari 2025 akavunjika mguu katika mechi dhidi ya Orlando, na msimu wake ukaishia kwenye mechi 30. Niliumia kama vile ni kijana wangu.

Kwetu Tanzania, ubishi wowote wa chipukizi wa NBA huishia kwa Hasheem Thabeet, kwa hiyo tufike huko. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba, wote wawili nyota wakubwa baadaye. Kila mwaka kuna mtu analitaja hilo kwa kucheka, na kila mwaka linaniudhi. Huyu ni kijana aliyeanza kikapu akiwa na miaka kama 15. Alifika kwenye timu ambayo nafasi yake ilikuwa ya Marc Gasol, na Februari mwaka uliofuata akashushwa ligi ya chini. Baada ya hapo ni Houston, Portland, Oklahoma City. Sisemi angekuwa Curry. Nasema mtu mrefu aliyechelewa kuanza anahitaji miaka ya kufundishwa kazi moja mahali pamoja, na kila anapohamishwa anaanza upya na mwalimu mpya, mwenye haraka mpya. Duren alipoingia NBA ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote kwenye ligi. Alikaa klabu moja, na pasi zikawa zinatoka kwenye mikono ileile.

Najua hoja ya upande wa pili: wakongwe wanakula dakika za watoto. Ron Holland, chaguo la tano la 2024, alicheza dakika 15 na kidogo kwa mechi, na kuna waliosema anapotezewa muda. Sikubaliani. Dakika zake zilikuwa na kazi inayoeleweka: ingia, mkabe mtu wako usimwachie pumzi, kimbia. Akiharibu anatoka, anaelezwa, anarudi. Dakika 15 za namna hiyo nazichukua mbele ya 35 za kuogelea.

Kwenye mtoano walikutana na New York Knicks. Detroit walikuwa hawajashinda mechi ya mtoano tangu 2008, wameshafungwa 15 mfululizo. Mechi ya pili wakashinda 100 kwa 94 ndani ya Madison Square Garden, Cunningham akiwa na pointi 33 na ribaundi 12 (mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa). Walipambana hadi mechi ya sita, nyumbani kwao. Zikiwa zimebaki sekunde chache, matokeo sawa, mpira uko kwa Jalen Brunson na anayemkaba ni Ausar Thompson, miaka 22. Brunson akaenda upande mmoja, akarudi ghafla, Thompson akateleza na kuachwa nyuma, pointi tatu ikaingia. 116 kwa 113, msimu umekwisha.

Asubuhi yake niliona watu wakisema angekabwa na mtu mzima. Vijana wangu niliwaonyesha kipande hicho jioni. Nilikisimamisha kabla mpira haujaondoka mkononi mwa Brunson, nikauliza uzito wa Thompson uko kwenye mguu upi. Walibishana dakika kumi. Mmoja, mlinzi mdogo asiyependa kuongea, akainuka, akasimama katikati ya uwanja, akaigiza ile hatua mara tatu kisha akaniambia, "Mwalimu, naomba mtu anishambulie nijaribu."

Nilimpa yule mwepesi kuliko wote.