Si uzee tu, angalia na presha

Shosho akishuka matatu pale Kawangware bila kudai chenji, utasikia, "Ni uzee huo." Si lazima. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, ila hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, na mbebaji ni damu. Presha ikikaa juu miaka nenda miaka rudi, vimishipa vyembamba vya ubongo hukakamaa na kuziba kidogo kidogo. Mara nyingi kinachotangulia kulegea ni wepesi: hesabu ya haraka, kufuata mambo mawili pamoja. Utafiti wa Marekani wa 2019, SPRINT MIND, ulikuta waliolenga kushusha presha (ile namba ya juu) chini ya 120 walipata matatizo madogo ya kumbukumbu na kufikiri kwa uchache kuliko waliolenga chini ya 140. Na vile vidonge shosho huacha akijisikia nafuu? Presha haiumi, ndiyo ujanja wake.