Joto la Mombasa silo linalowasha sola yako

Mwezi huu nimeambiwa mara nne: "Fundi, kwa joto hili la Mombasa, sola itafurika umeme." Mara ya mwisho alinambia mzee mmoja mwenye nyumba za kupangisha Likoni, huku ajipepea kwa gazeti. Nikameza mate, nikapanda paani.

Joto na mionzi ya jua, yaani mwanga wake, ni vitu viwili. Paneli hula mwanga. Joto huipunguzia nguvu. Ile namba iliyobandikwa nyuma yake, tuseme wati 400, ilipimwa maabara mwanga ukiwa wati 1,000 kwa mita ya mraba na paneli yenyewe ikiwa nyuzi 25. Nani amewahi kukuta paneli ya nyuzi 25 Likoni, saa saba mchana? Jirani wa mzee alikuwa ameilaza yake juu ya mabati, hata kidole hakipiti chini. Nikaigusisha kipimajoto kwa nyuma: nyuzi 67. Paneli nyingi hupoteza kama asilimia 0.35 kwa kila nyuzi inayozidi 25. Zimezidi 42. Hiyo ni karibu asilimia 15, yaani wati 60 hivi kati ya 400 zimeliwa na hilo hilo joto mnalolisifu.

Mzee hakukubali. "Mbona basi Februari sola yapiga kuliko Julai?" Swali la haki. Februari ni kaskazi, mbingu ziko wazi na jua liko karibu na utosi, kwa hiyo mwanga ni mwingi hata baada ya joto kukata fungu lake. Julai jua limehamia kaskazini na kusi inaleta mawingu. Upepo ule unaipoza paneli vizuri sana, ila mwanga wenyewe umepungua. Na mtazameni Mjerumani: baridi, mawingu, mionzi kwa mwaka nusu ya yetu hivi, na mapaa yamejaa sola.

Ndiyo maana ninapokwenda kupima hali ya jua sehemu, chombo changu kikuu ni pairanomita, kisahani cheusi ndani ya kuba la kioo kinachopokea mwanga wa mbingu nzima. Kisahani chenyewe hupashwa moto na mwanga (najua, najua), lakini joto lake hulinganishwa na la kiwiliwili cha chombo, ili joto la hewa lisihesabiwe. Adui yake hapa pwani ni chumvi ya bahari na kunguru. Nisipolifuta lile kuba, takwimu zitasema Mombasa kuna kiza.

Mengine ninayoambiwa nayapitia haraka.

"Jua letu ni la saa kumi na mbili." La kuonekana, ndiyo. Kwa hesabu ya sola, wastani wa mwaka Mombasa ni kati ya kilowati-saa 5 na 6 kwa mita ya mraba kwa siku, sawa na saa tano hadi sita za jua kamili, lile la wati 1,000 za maabara. Anayezidisha wati za paneli kwa 12 anajidanganya, au anakuuzia. Na huo ni wastani: Mei ya masika haiufikii.

"Wingu likipita, sola imekufa." Mwanga uliotawanywa na mawingu bado unazalisha, japo kidogo. Tena ukingo wa wingu ukiakisi jua, pairanomita yangu huruka juu ya wati 1,000 kwa mita ya mraba, kwa dakika moja mbili.

"Ramani ya satelaiti yatosha." Kwa nyumba yako, naam. Global Solar Atlas ya Benki ya Dunia iko wazi tangu 2017, itumie. Kwa mtambo mkubwa wa megawati, mwenye pesa atataka angalau mwaka mzima wa vipimo vya ardhini. Satelaiti hutazama mawingu kutoka juu, na pwani wingu hukaa nchi kavu huku baharini kweupe.

"Elekeza kusini." Hiyo ni ya video za Ulaya. Sisi tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, basi inamishe kaskazini kidogo, nyuzi 10 hivi, mvua ipate kuiosha.

Na chini yake acha shubiri moja upepo upite. Hili nalisema kila siku mpaka wake za watu wananicheka. Mzee wa Likoni amekubali shubiri yake. Kuhusu kunguru hatukubishana.