Je, wajua? Kwa nini pikapu ya darajani inasikika nyembamba, na unaichaguaje iendane na ya shingoni

Chukua gita la umeme lenye pikapu mbili, vile vinasa sauti vilivyokaa chini ya nyuzi, moja karibu na shingo na nyingine karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gita. Swichi ikiwa upande wa shingo unapata sauti nene, ya duara, imejaa besi, halafu ukiirudisha upande wa daraja sauti inakonda ghafla, inakuwa kali mpaka inachoma masikio. Wengi wakisikia hivyo wanasema moja kwa moja kwamba pikapu ya darajani ni dhaifu, kwa hiyo dawa ni kutafuta yenye nguvu kuliko zote, ile yenye namba kubwa ya kilo-omu (kipimo cha ukinzani wa waya wake) kwenye boksi lake, waifunge mambo yaishe. Hayaishi, na mara nyingi wanachopata ni sauti kubwa zaidi lakini yenye matope, halafu ukirudi shingoni inaonekana kama gita limezimwa.

Ukweli ni kwamba unaweza kuchukua pikapu mbili zinazofanana kila kitu, moja ukaiweka shingoni nyingine darajani, na bado tofauti utaisikia yote. Stratocaster, gita maarufu la kampuni ya Fender, ilipotoka mwaka 1954 ilikuwa hivyo hivyo, pikapu tatu za muundo mmoja, na hakuna mtu mwenye masikio aliyechanganya ya shingoni na ya darajani. Kinachofanya kazi kubwa hapo ni mahali pikapu ilipokaa chini ya uzi.

Pikapu yenyewe ni kitu rahisi, sumaku imezungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara, uzi wa chuma ukitikisika juu yake umeme kidogo unazaliwa kwenye koili na kwenda kwenye amplifaya. Uzi ukitikisika sana umeme unakuwa mwingi, ukitikisika kidogo unakuwa kidogo. Basi.

Sasa fikiria watoto wawili wanazungusha kamba ya kuruka. Katikati kamba inapiga duara kubwa mpaka mtu mzima anapita chini yake, lakini karibu na mkono wa anayeishika inacheza kidogo tu, ukiweka kidole pale haikuumizi. Mkono ndo daraja la gita. Pikapu ya darajani inasikiliza ile sehemu ya kamba iliyo jirani kabisa na mkono, wakati ya shingoni imesogea kuelekea katikati ambako kamba inafagia hewa. Wote wanasikiliza kamba moja, mzunguko mmoja, ila kila mmoja anaona kipande chake. Na hao watoto wakiongeza kasi mpaka kamba igawanyike vipande viwili, vinapanda na kushuka kwa kupokezana, katikati kunatokea sehemu imetulia tuli, haiendi popote, na aliyesimama pale anaweza kuapa kwamba kamba imesimama. Uzi wa gita unafanya hayo yote kwa wakati mmoja: unatikisika mzima, na papo hapo unatikisika kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo, mpaka vipande vidogo vidogo. Hivyo vipande ndo hamoniki, na mchanganyiko wake ndo unatufanya tuseme sauti hii nene au ile kali.

Tuiweke kwenye namba kidogo. Gita lenye uzi wa mm 648 kutoka daraja mpaka nati (kile kizingiti cha mwisho wa shingo), ambacho ndo kipimo cha Stratocaster, pikapu ya shingoni inakaa kama mm 162 kutoka darajani, yaani robo ya uzi, na ya darajani kama mm 40. Ukipiga uzi bila kubana freti yoyote (vile vyuma vilivyokatiza shingo), mtikisiko wa uzi mzima (ndo unaobeba besi ya noti) kwenye mm 162 ni kama asilimia 71 ya ule wa katikati. Kwenye mm 40 ni asilimia 19 tu. Tofauti ya zaidi ya mara 3, kama desibeli 11 kwa kipimo cha ukubwa wa sauti, na hiyo ni kabla hujagusa sumaku wala waya.

Halafu angalia hamoniki ya 8. Kwenye mm 40 inatikisika karibu kwa uwezo wake wote, kwenye mm 162 inatakiwa kuwa sifuri. Kwa hiyo pikapu ya darajani kwenye zile sauti ndogo za juu ndo inasikia vizuri kupita mwenzake, na kuiita dhaifu ni kuionea, kilichopungua kwake ni besi peke yake. Hii kitu mimi naipenda sana, kwamba uzi mmoja ulioupiga mara moja unatoa hadithi mbili tofauti kwa sentimita 12 tu za umbali.

Kuna imani nyingine inatembea sana, kwamba pikapu ya shingoni lazima iwe pale ambapo freti ya 24 ingekuwa, na magita ya freti 24 yameharibu utamu kwa kuisogeza. Ni kweli pale ni robo ya uzi na hamoniki ya 4 inatulia pale, ila hiyo ni kwa uzi usiobanwa tu. Bana freti ya 5 na uzi unaobaki ni kama mm 485, pikapu ile ile sasa iko kwenye theluthi, inayopotea ni hamoniki ya 3. Bana freti ya 12, uzi umebaki mm 324 na pikapu iko katikati kabisa, hamoniki zote za namba shufwa zinafifia, ndo maana noti za pale juu ukiwa shingoni zinakuwa laini na za duara namna ile. Hakuna sehemu moja takatifu, kila freti unayobana inahamisha picha nzima. Hata darajani ni hivyo, kwenye freti ya 12 besi yake inaongezeka karibu mara mbili ukilinganisha na uzi mtupu, kwa hiyo ukitaka kujua kama pikapu zako mbili zimeendana usijaribu kwa kodi (chords) za chini peke yake, panda mpaka juu.

Ila hesabu hizi ni za uzi mkamilifu na pikapu nyembamba isiyo na upana. Pikapu halisi inanasa eneo, sio nukta, ile aina inayoitwa hambaka inanasa eneo kubwa zaidi kwa sababu ina koili mbili zimelala sambamba, na mahali unapopigia uzi nako kunabadilisha mchanganyiko. Kwa hiyo ile sifuri kwenye gita la kweli ni kupungua sana, sio kutoweka kabisa.

Turudi kwenye kilo-omu, maana hapa ndo hela inapotea. Ile namba ni ukinzani wa waya, inapimwa kwa maltimita, na waya mwembamba una ukinzani mkubwa kuliko mnene hata kama urefu ni ule ule. Waya wa namba 42 una unene wa kama mm 0.063, wa namba 44 kama mm 0.05. Koili inayosoma kilo-omu 8 kwa waya wa 42, ukiizungusha upya mizunguko ile ile kwa waya wa 44 itasoma 12 na zaidi, na mtu akiona hiyo 12 anadhani amepata dude lenye nguvu kwa nusu zaidi, kumbe mizunguko ni ile ile na sumaku ni ile ile. Telecaster, gita jingine la Fender, ndo ushahidi mzuri: pikapu yake ya shingoni kwa kawaida inazungushwa waya mwembamba wa 43 kwenye koili ndogo, ya darajani waya wa 42 kwenye koili kubwa, ukizipima zinasoma karibu sawa, pengine ya shingoni inaizidi kidogo, wakati kwenye sauti ni vitu viwili tofauti kabisa. Halafu shaba inapanda ukinzani kama asilimia 4 kwa kila nyuzijoto 10, kwa hiyo pikapu ya kilo-omu 8.0 mahali pa baridi inaweza kusoma 8.3 kwenye joto na hakuna kilichobadilika.

Namba ya kutafuta inaitwa indaktansi, inapimwa kwa henri. Hii ikishirikiana na kapasitansi ya kebo yako (uwezo wake wa kuhifadhi umeme kidogo) inatengeneza kilele, yaani kuna eneo la trebo (sauti kali za juu) ambalo pikapu inalipandisha, na juu ya hapo sauti inakatwa. Kwa kebo ya kawaida, pikapu ya koili moja yenye kama henri 2.4 kilele chake kinaangukia karibu na hezi 3,900. Hambaka ya mtindo wa zamani yenye kama 4.5 inashuka kwenye 2,800 hivi, na zile kali zenye henri 8 zinafika 2,100. Ukiongeza mizunguko indaktansi inapanda kwa mraba wake, mizunguko mara mbili henri mara nne, kilele kinashuka nusu.

Basi hapo jibu linaanza kuonekana. Darajani kuna trebo ya kumwaga, kwa hiyo pikapu yenye kilele cha chini kidogo inapunguza ukali na kuacha sauti za kati zijae, inapendeza. Pikapu hiyo hiyo ukiipeleka shingoni ambako besi tayari ni nyingi unapata uji. Ndo maana seti nyingi za pikapu zinazouzwa kwa pamoja ile ya darajani imeongezwa mizunguko. Ila usitegemee mizunguko ikusawazishie sauti, maana asilimia 10 zaidi inakupa chini ya desibeli 1 wakati pengo la besi ni 11. Hilo pengo huwezi kuliziba kwa waya, na sioni sababu ya kulitaka lizibike, kwa sababu ndo linalokupa sauti mbili kwenye gita moja.

Kwa hiyo mimi ningeanza na ile ya shingoni unayoipenda. Kama ni koili moja ya henri 2 na kitu, ya darajani itafute kwenye 3 au 4 hivi, kama ni hambaka ya 4 na nusu basi 5 mpaka 6 inatosha, na zile za 8 waachie wanaocharaza distosheni (sauti ya kukwaruza) muda wote na hawajali sana sauti safi. Ukichanganya hambaka darajani na koili moja shingoni, angalia na poti ya voliumu (kile kitufe cha kuzungusha), hambaka imezoea ya kilo-omu 500 na koili moja ya 250. Unaweza kuweka ya 500 kisha ukamuunganishia ile koili moja rezista (kipande cha ukinzani) ya kilo-omu 470 kwenda grandi (waya wa ardhi), ikiwa imewashwa yeye anaona kama 242 na ule ukali unapungua.

Usawa wa sauti utafute kwa bisibisi. Bana uzi kwenye freti ya mwisho, pima kutoka chini ya uzi mpaka juu ya pikapu. Kampuni ya magita ya Gibson wao wanaanzia mm 2.4 shingoni na mm 1.6 darajani, na hapo unaona mantiki yote, anayeona kidogo anasogezwa karibu. Shusha ya shingoni kwanza kabla hujapandisha ya darajani, hasa kama ni koili moja yenye sumaku ndani ya nguzo zake, maana ikikaribia sana inauvuta uzi na noti za juu kwenye uzi mnene zinaanza kupepesuka kama haziko kwenye tuning.

Kabla ya kununua pima pia upana wa nyuzi pale darajani, hambaka za kawaida nguzo zake zimetanda kama mm 49 na magita ya mtindo wa Fender yanataka kama 53. Na ukishafunga weka swichi katikati, zote mbili ziwake. Sauti ikiwa tupu, imekonda kuliko kila pikapu peke yake, fezi zimepingana, yaani umeme wa moja unaufuta wa nyingine, geuza nyaya mbili za pikapu moja. Isipokuwa kama ina kifuniko cha chuma kilichounganishwa na waya wa grandi, hiyo lazima kwanza ukitenganishe, ukigeuza hivi hivi kifuniko kizima kinakuwa na umeme wa sauti na kila ukikigusa amplifaya inanguruma.