Je, seli hazikui maabara bila seramu ya ndama?

Wengi tumefundishwa kwamba seli hazikui maabara bila seramu, yale maji ya manjano yanayobaki damu ya ndama aliye tumboni ikishaganda. Imani hii ina msingi: kwa miongo mingi seramu imetiwa kwenye kilishio cha seli, yaani majimaji yenye virutubisho vyake, mara nyingi asilimia 10.

Lakini seli hazihitaji seramu yenyewe, bali vilivyomo ndani yake: insulini, transferini inayobeba madini ya chuma, vichochea ukuaji. Leo hivyo huchanganywa kwa vipimo, na seli za hamsta (mnyama mdogo kama panya) zinazotengeneza dawa nyingi za kingamwili hukuzwa hivyo, bila seramu. Kuzizoesha seli hali hiyo kunataka subira: seramu hupunguzwa kutoka asilimia 10 hadi 5, kisha 2.5, maana zikinyimwa ghafla nyingi hufa.

Ukisoma utafiti, tazama sehemu ya mbinu: herufi FBS (kifupi cha Kiingereza, fetal bovine serum) humaanisha seramu hiyo ilitumika.